Mhakiki wa Pili

Risasi ya kwanza ilipasua chupa ya spiriti. Ya pili ilipita pale pale kilipokuwa kichwa cha Daktari sekunde moja nyuma.

Kichwa chenyewe sasa kilikuwa sakafuni, chini ya meza ya maabara, kimegandamizwa na kiganja cha mwanamume ambaye Daktari hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Usiinuke," alisema yule mwanamume.

"Wewe nani?"

"Nimetumwa nikutoe humu ukiwa hai. Kusalimiana baadaye."

Ofisini kwao walimwita Mpole. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, siku aliporudi kutoka kazi yake ya kwanza na meno mawili ya mtu mwingine yamenasa kwenye mkono wa koti lake. Aliyachomoa, akayaweka juu ya meza ya mkuu wake, akaomba chai.

Spiriti ilishika moto.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana, ghorofa ya tatu ya hospitali. Chini yao kulikuwa na wodi ya watoto wachanga. Mtu mwenye akili timamu hafyatui risasi juu ya wodi ya watoto wachanga, lakini hawa walikuwa wamelipwa vizuri ili akili waziache nyumbani.

Mpole alichungulia chini ya meza. Aliona jozi mbili za viatu. Vyeusi mlangoni, vya kahawia karibu na jokofu la damu.

Bastola yake, Glock 19, ilikohoa.

Goti lililokuwa juu ya kiatu cha kahawia lilisambaratika. Mwenye goti alianguka akipiga yowe, na uso wake uliposhuka usawa wa meza, risasi nyingine ilimkuta mdomo wazi.

Yowe likakatika.

Mwenye viatu vyeusi alifyatua ovyo mpaka bastola ikaisha risasi. Akachomoa kisu. Aliijua kazi yake, maana alimchana Mpole mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo kabla Mpole hajamshika kichwa na kukibamiza kwenye mlango wa jokofu. Mara ya kwanza mtu yule alitukana. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu hakuwa na la kusema.

"Twende."

"Kompyuta yangu!" Daktari alipiga kelele. Moto ulikuwa umeshaifikia. "Kazi yangu ya miaka tisa imo humo!"

"Nakala unayo?"

Daktari aligusa mfuko wa koti lake jeupe. Diski ndogo, ya ukubwa wa kiberiti.

"Basi iache iungue."

Walishuka ngazi mbio. Wauguzi walikuwa wameshaanza kuwatoa watoto, wawili wawili kifuani, moshi ukiwafuata nyuma. Daktari akasimama. Muuguzi mmoja mnene alimkemea bila hata kupunguza mwendo.

"Nenda, Daktari! Hawa tunao!"

Land Cruiser nyeupe iliondoka ikiacha nusu ya matairi yake kwenye lami. Mpole aliendesha kwa mkono mmoja. Kwa mkono uliokuwa ukitiririka damu alibonyeza Nokia ya vitufe, simu ya kizee isiyojua kumsaliti mtu mahali alipo.

"Shangazi."

"Sema, mwanangu." Mkuu wake alikuwa na sauti ya mtu anayekaribisha wageni sebuleni. Aliwahi kutumia sauti hiyo hiyo kuamuru daraja lilipuliwe.

"Kifurushi kiko mkononi. Kina mikwaruzo kidogo."

"Na diski?"

"Kinayo. Na kinanitazama vibaya."

"Maktaba ya chuo imefungwa kwa likizo. Mkutubi nimemtoa nyumbani kwake, atafungua saa nane na nusu. Mpaka hapo kaeni juu kwa fundi saa. Na saa tisa ndiyo mwisho, unanisikia? Ikipita saa tisa usirudi kunisimulia habari."

Akakata.

Saa tisa. Habari yenyewe ilikuwa hivi, na ni habari ya kumtia mtu hasira hata akiwa ametoka kula.

Kulikuwa na Kampuni, ya ng'ambo, iliyouza sindano ya kutibu maambukizi ya damu kwa watoto wachanga. Ilikuwa sindano ghali. Daktari, baada ya miaka tisa wodini, aligundua kwamba dawa moja ya zamani, ambayo kila zahanati inayo kabatini, inaokoa watoto wengi zaidi ikitolewa kwa kipimo fulani. Aliandika makala. Namba zake zikavuja. Na leo, saa tisa alasiri, jarida kubwa la ng'ambo lingetoa makala ya watu wa Kampuni, wakitumia namba zile zile zikiwa zimepinduliwa kichwa chini, kuonyesha kwamba dawa ya zamani inaua. Mezani kwa Katibu wa wizara agizo lilikuwa limeshachapwa: zahanati zote ziitupe dawa hiyo leo leo. Lilisubiri saa tisa na saini.

Aliyekuwa na namba za kweli alikuwa mmoja tu. Alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha Land Cruiser.

"Kwa nini hukuichapisha mwaka jana?" Mpole aliuliza.

Daktari alicheka kicheko kikavu. "Unadhani sikujaribu? Jarida lile lile liliipokea. Wakanipa njia mbili. Ya kwanza, mimi nilipe, kila mtu duniani aisome bure. Ada yake ni mshahara wangu wa miezi kumi na saba."

"Na ya pili?"

"Nisilipe kitu, wao waifungie. Anayetaka kusoma, alipe yeye. Muuguzi wa zahanati aliyepakata mtoto anayezimika, alipe kwanza ndipo ajue kipimo. Hata mimi niliyeiandika, nikitaka kuisoma, nilipe!"

"Hawana msamaha kwa nchi maskini?"

"Wanao. Niliomba. Wakanijibu kwa adabu zote kwamba nchi yetu imepanda daraja, haimo tena kwenye orodha. Siku ilipofika hiyo barua tulikuwa wodini tunaosha glavu ili tuzivae tena."

Mpole alikanyaga mafuta. Aliwahi kupigwa risasi mbili kwa sababu za kipumbavu zaidi ya hiyo, lakini si nyingi.

"Nani aliyeziona namba zako?"

"Wahakiki. Jarida huwapa wasomi wawili waisome kwa siri, majina yao mwandishi haambiwi. Wa kwanza alinisifu. Wa pili alinichinja." Alikaza macho barabarani. "Sitajua kamwe ni nani. Ndivyo utaratibu ulivyo."

Chumba kilichokuwa juu ya duka la fundi saa kilikuwa na kitanda, jiko, birika la umeme na dirisha moja. Daktari aliomba sindano na uzi. Akamshona Mpole mkono mishono kumi na minne, bila ganzi, akiwa ametulia kuliko wakati wote wa safari.

"Hulii?" alimuuliza.

"Nitalia nikifika nyumbani."

Daktari alicheka. Kisha akaenda bafuni kunawa. Alikaa humo dakika tatu.

Dakika kumi na moja baadaye mlango uling'oka.

Haukufunguliwa, uling'oka, bawaba na vyote, kwa risasi ya bunduki ya kuwindia. Wa kwanza aliingia akiwa bado anakoki. Mpole alimkaribisha kwa birika la maji yanayochemka, usoni. Mtu yule aliachia bunduki ashike macho yake. Hakupata nafasi ya kuyashika sana. Mpole alimzungushia shingoni waya wa birika, akakaza, akamgeuza mbele kama ngao. Risasi za mwenzake ziliingia kwenye ngao hiyo, moja, mbili, tatu.

Mpole akamsukuma maiti kwa mwenzake, akafuata mwenyewe. Mfukoni mwake mlikuwa na kalamu ambayo haikuwahi kuandika hata herufi moja. Aliichomeka chini ya sikio la adui na kubonyeza. Umeme ulimrusha mtu yule hadi dirishani, na dirisha halikuwa na nondo. Kishindo kilisikika chini, juu ya paa la gari, kisha king'ora cha gari kikaanza kulia.

Mpole alimgeukia Daktari.

"Umempigia nani?"

"Sijampigia mtu."

"Daktari!"

"Nimemtumia ujumbe Baba! Kumwambia tu niko salama, juu kwa fundi saa, asiwe na wasiwasi, na kwamba saa nane na nusu nitakuwa maktaba."

"Baba yako ni marehemu. Nimesoma faili lako."

"Profesa wangu. Alinifundisha tangu mwaka wa kwanza. Ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya ndoa yangu." Sauti ilimpanda. "Usithubutu hata kumfikiria! Yule ni mzazi."

Mpole aliinua kiganja kumtuliza. Alikuwa amehoji waongo wengi, na alijua kwamba mwongo huacha alama pale anapojipenda.

"Maneno ya huyo mhakiki wa pili. Unayo?"

Alikuwa nayo. Alitembea nayo mfukoni mwaka mzima, karatasi mbili zilizokunjwa mara nne, kama mtu anavyohifadhi barua ya talaka. Mpole alisoma. Hakuelewa nusu ya maneno, lakini ukurasa wa pili alisimama.

"Hapa anakudai utaje kazi tano za watu wengine. Anasema bila kuzitaja, makala yako haina msingi. Ni za nani?"

"Wahakiki wote hudai hivyo. Hizo ni..."

Akamnyang'anya karatasi.

Alizipitia kwa kidole, moja baada ya nyingine. Hakuwahi kuzitazama hivyo. Wanafunzi wote wa Profesa humtaja katika kila wanachoandika, bila kuombwa, na jina lake huliweka mwishoni mwa orodha ya waandishi hata kama hakugusa kalamu. Ni heshima. Ni kama kumwamkia mkubwa unapoingia. Macho ya Daktari yalikuwa yamezoea kulipita jina hilo pasipo kuliona.

"Zote tano," alisema, na sauti ilikuwa ndogo sana. "Zote tano ni za Baba."

Mtu aliyepewa siri ya kuficha jina lake alikuwa ameshindwa kuvumilia lisitajwe.

"Kwenye makala hii ulimweka?"

"Hapana. Hakufanya kitu. Hakukanyaga wodini hata siku moja. Miaka ishirini nilimweka kila mahali. Hii moja tu nilisema iwe ya wauguzi wangu na mimi." Alikaa kitandani, kando ya maiti, akalia kwa uchungu wa mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Mpole alitazama Casio yake. Saa nane na dakika tano. Akampa dakika moja nzima, na kwa Mpole huo ulikuwa ukarimu mkubwa.

Kisha Daktari akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Watakuwa wanatusubiri maktaba."

"Ndiyo."

"Na pengine pa kuiweka hakuna. Hazina ya makala ya chuo ndiyo pekee ambayo wizara inaikubali, na mkutubi lazima aithibitishe kwa mkono wake ndipo ipate namba ya utambulisho. Bila namba ni karatasi ya kufungia sabuni."

"Ndiyo."

"Basi mimi nitaingia kwa mlango wa mbele. Namjua Baba. Hatakubali niuawe kabla hajanisomea hotuba."

Maktaba ilinuka vumbi na gundi. Chini, kwenye ghala, kulikuwa na lifti ndogo ya kupandishia vitabu, ya kuvuta kwa kamba. Mpole alijikunja humo, magoti masikioni, akajivuta ghorofa mbili huku mishono ikifunguka mmoja mmoja.

Alitokea nyuma ya rafu za majarida ya zamani. Mlinzi mmoja wa Kampuni mwenye bunduki alikuwa amesimama juu ya ngazi, amempa mgongo. Mpole alimziba mdomo, akampindua shingo, akamlaza taratibu juu ya zulia.

Akachungulia.

Kwenye meza ya kompyuta alikaa Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, bastola ikiwa kisogoni mwake. Bastola ilishikwa na Mgeni, mtu wa Kampuni, suti ya kijivu, shingo nene. Pembeni, mikono nyuma, Profesa.

Na Daktari, katikati ya chumba, ameinua diski juu ya kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Alijibu kwa mazoea, kisha akaona aibu. "Umeyataka mwenyewe haya. Nilikupa kila kitu. Nilikufundisha hata kushika kalamu."

"Ni kweli."

"Kazi kubwa kuliko zote, ukaniweka kando! Mimi!"

Mgeni alifoka kwa lugha yake. Alitaka kujua wanasema nini. Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji.

Daktari alishusha mkono. "Nilikosa, Baba. Nimekuja kurekebisha. Makala ninaiingiza sasa hivi na jina lako naliweka. Watu wa Kampuni wataumbuka, lakini wewe utakuwa umeandika ukweli. Utakuwa wa kwanza kwenye orodha."

Profesa aliikazia macho diski.

Fedha za Kampuni alikuwa ameshazipokea. Lakini kazi nzuri kiasi hiki, itoke bila yeye? Mpole, nyuma ya rafu, aliona uso wa mzee yule ukipigana wenyewe kwa wenyewe. Kisha Profesa akamgeukia Mgeni, akasema jambo kwa lugha yake, kwa utulivu wa mhadhara. Alimwambia kwamba mwanamke anatoa nywila ili nakala zote zifutwe. Amwache aketi.

Mgeni aliitikia kwa kichwa.

Daktari akakaa. Akachomeka diski. Saa nane na dakika arobaini na nane.

"Andika kamili," Profesa alinong'ona begani pake. "Na shahada zote. Usisahau ile ya heshima."

"Siisahau, Baba."

"Kichwa cha makala kiwe na herufi kubwa mwanzoni," alisema Mkutubi, bastola kisogoni. "Na muhtasari hujajaza. Siwezi kuthibitisha kitu kisicho na muhtasari."

Daktari alijaza muhtasari. Kule nyuma Mpole alihesabu hatua. Tisa kutoka rafu hadi meza. Risasi alibakiwa nazo mbili, na kichwa cha Mkutubi kilikuwa njiani.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Nusu. Robo tatu.

Mstari wa kijani hauhitaji mkalimani. Mgeni aliutazama. Kitu kinachofutwa hakijazi. Aliinua bastola kutoka kisogoni kwa Mkutubi na kumlenga Profesa, kwa sababu hakuna anayechukiwa haraka kama msaliti aliyekusaliti na wewe.

Alimpiga tumboni.

Mpole alikuwa hatua ya sita. Risasi yake ya kwanza ilimng'oa Mgeni sikio. Ya pili ilikwama. Waligongana juu ya toroli la vitabu, wakaanguka nalo, na vidole vya Mgeni vikaingia kwenye jeraha la mkono wa Mpole na kulipanua. Mpole aliona nyota mchana kweupe. Alimng'ata Mgeni pua. Mgeni alipomwachia, Mpole alimbamiza uso kwenye ukingo wa chuma wa toroli, akabamiza tena. Mgeni alipapasa sakafuni, akaipata bastola yake, akainua.

Mpole aliushika mkono ule, akaukunja kiwiko kinyume mpaka ukalia, akaielekeza bastola chini ya kidevu cha mwenyewe.

Mlio ulikuwa mdogo. Dari ndiyo iliyopata tabu.

"Mkutubi!" Daktari alipiga kelele. "Imejaa! Thibitisha!"

Mama yule alifuta damu ya Mgeni kwenye miwani yake kwa pindo la blauzi, akavaa, akasoma ukurasa wa kwanza tangu juu hadi chini huku Mpole akiwa anakaribia kumpigia magoti. Kisha akabonyeza.

"Nimethibitisha."

Namba ikatokea. Saa nane na dakika hamsini na sita.

Mpole aliisoma kwa sauti kwenye Nokia, tarakimu kwa tarakimu. Upande wa pili Shangazi alikuwa na ujumbe uliokwisha kuandikwa kwa wizara na kwa kila zahanati, umebakiza pengo la namba tu.

Dakika zilipita. Profesa alikuwa ameegemea rafu, mikono tumboni, damu ikimtoka katikati ya vidole. Daktari alikuwa amepiga magoti mbele yake, amelikunja koti jeupe, anakandamiza jeraha kwa nguvu zake zote. Alikuwa analia. Hakuacha kukandamiza.

"Nimekaa wa kwanza?" Profesa aliuliza.

"Nyamaza, Baba. Ambulensi inakuja."

"Niambie. Nimekaa wa ngapi?"

Daktari alimtazama usoni.

"Hupo. Jina lako nililifuta ulipogeuka kumtazama yule mgeni."

Profesa alifumba macho. Alikuwa anapumua bado, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

Nokia ilitetemeka.

"Katibu hajasaini," Shangazi alisema. "Ameifungua, ameisoma mpaka mwisho, na agizo amelichana. Sasa anauliza polisi namba ya ndege ya wale wa Kampuni. Uko mzima?"

"Nina mikwaruzo kidogo."

"Njoo unywe chai."

Simu ya mezani ya maktaba nayo ikalia. Mkutubi alipokea, akasikiliza, akamnyooshea Daktari mkonga. Mpole alichukua nafasi yake kwenye jeraha la Profesa, bila huruma na bila kulegeza.

"Daktari hapa."

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya mbali, inahema. Nyuma yake kulisikika kilio chembamba cha mtoto.

"Samahani, Daktari, mimi ni muuguzi wa zahanati. Tumetumiwa ujumbe wenye namba, na chini yake simu hii. Nina mtoto hapa wa siku nne, kilo mbili na robo, anaungua homa na hanyonyi tena. Dawa ninayo kabatini. Kipimo ndicho sikijui."

Daktari alijifuta damu kwenye paja la suruali yake.

"Una simu yenye mtandao?"

"Ninayo. Lakini haya makaratasi ya kisomi huwa hayatufungukii. Yanataka kadi ya benki."

"Jaribu."

Mtoto alilia upande wa pili. Chini, barabarani, king'ora cha ambulensi kilikaribia.

"Daktari?" Sauti ilikuwa imebadilika. "Imefunguka. Imefunguka yote."

"Nenda ukurasa wa saba, jedwali la kwanza. Tafuta uzito wake. Twende pamoja, polepole."

Wabeba machela walipoingia, Mpole aliwaachia Profesa. Aliokota koti lake chini ya toroli, akalikung'uta, akaufunga mkono wake kwa tai ya Mgeni. Daktari hakumwona. Alikuwa ameinama juu ya simu, kidole kwenye kioo cha kompyuta, anasoma kwa sauti mstari baada ya mstari.

Mpole alimwinamia Mkutubi kichwa kwa adabu, akashuka ngazi, akatoka juani kutafuta mtu wa kumshona upya.